Madame Verbe na Neno la Ukurasa wa Tisa

Florentine aliingia darasani bila kubisha hodi, saa nne asubuhi, wakati wanafunzi kumi na wanane wakikariri kwa sauti moja vitenzi vya Kiingereza. Miguu yake ilikuwa na tope la mtaa wa Lubunga, na kwapani alikuwa amebana kitu kilichofungwa katika gunia. Hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye meza ya mwalimu, akafungua gunia, akaachia juu ya madaftari msalaba wa chuma uliopindika. Ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyeupe jina la baba yake, mwaka aliozaliwa na mwaka aliokufa.

"Soma," alisema. "Wewe unajuaka kusoma. Soma basi."

Mwalimu Safiya Yunus aliutazama msalaba, kisha akamtazama yule mama. Alimkumbuka kwa uso, si kwa jina. Alikuwa amemwona mara moja tu, ng'ambo ya mto, katika kijiji cha Yalingoto nyuma ya Yanonge.

"Mama, hapa kuna darasa. Ngoja nje mpaka saa sita."

"Kungoja? Toka siku ile ulikuja kwetu na makaratasi yako tunangojaka tu. Ulitusomea, tukapiga makofi, tukatia kidole. Sasa mashini zilifika. Zilikata miti yote, zikapita juu ya makaburi. Baba yangu iko wapi? Nionyeshe fasi iko. Ulisema kampuni itaweka mashamba wazi. Bon. Waliweka wazi!"

Akatema mate sakafuni, katikati ya meza na ubao, akatoka. Msalaba aliuacha. Nyuma ya darasa kijana mmoja alicheka kwa woga, akanyamaza mara moja. Safiya akasema, "Tuendelee," lakini hakuna aliyekumbuka walikuwa wamefika kwenye kitenzi gani, wala yeye mwenyewe hakukumbuka.

Safiya alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na ishirini na sita kati ya hiyo aliitumia kufundisha Kiingereza mjini Kisangani. Wazee wa ukoo wake walifika huku zamani sana na misafara ya biashara kutoka upande wa Maniema, wakabaki. Baba yake, Yunus, alikuwa fundi cherehani karibu na msikiti. Kiingereza Safiya hakukijifunza chuoni. Alikiokota miaka ile baada ya vita, askari wa kigeni walipopiga kambi karibu na uwanja wa ndege wakatafuta watu wa kuwatafsiria. Alifanya nao kazi miaka miwili, kila jioni akirudi nyumbani na daftari limejaa maneno. Kambi ilipopunguza watu, alifungua darasa lake mwenyewe katika chumba cha kupanga pale Makiso, madawati sita na ubao mmoja.

Watu walimwita Madame Verbe, yaani Bibi Kitenzi. Jina hilo alilipata kwa ukali wake. Mwanafunzi aliyekosea kitenzi alisimamishwa ubaoni hadi jasho limtoke, na Safiya akiwa kando, mikono kifuani, akimwuliza kama mama yake alimzaa ili aje kupoteza chaki. Wengi walimchukia. Lakini waliokwenda kutafuta kazi kwenye mashirika walikiri kwamba Kiingereza walichonacho walikitoa kwake. Yeye alijua kwamba wanamchukia, na hakujali. Aliona afadhali kuchukiwa na mtu anayejua kuliko kupendwa na mjinga.

Miaka tisa nyuma alikula kiapo mahakamani, akapewa muhuri wa mtafsiri. Ule muhuri aliutunza kuliko vito vya marehemu mama yake. Na ndio uliomfikisha Yalingoto.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Kampuni moja kutoka nje ilitaka ardhi ya kupanda michikichi. Mkataba uliandikwa kwa Kiingereza, kurasa thelathini na moja, na wanakijiji walitakiwa kupewa nakala ya Kifaransa. Aliyeuleta alikuwa Yannick, mwakilishi wa kampuni, mtoto wa Kisangani aliyesoma Kampala na sasa anaishi Kinshasa. Yannick naye alipitia mikononi mwa Safiya. Alisimama kwenye ubao uleule. Sasa yeye ndiye aliyempa Safiya siku tatu za kutafsiri.

Safiya alifanya kazi siku tatu mchana, kwa sababu umeme wa Tshopo ulikuwa haueleweki. Maneno magumu ya sheria aliyatafuta moja moja. Neno ambalo hakuwahi kulisikia alilizungushia duara, akalirudia mara mbili, mara tatu. Ukurasa wa tisa ulikuwa rahisi. Katikati yake kulikuwa na sentensi fupi: *The Company shall clear all parcels within the boundary.* Neno lile *clear* alilijua tangu siku ya kwanza. Ni *clair* ya Kifaransa, nyeupe kama mchana. Akaandika kwamba kampuni itafafanua viwanja vyote vilivyo ndani ya mpaka, kwa Kifaransa safi cha mahakama: *clarifiera*. Akageuza ukurasa. Hakukaa hapo hata nusu dakika.

Kisha akavuka mto pamoja na Yannick kwenda kuusoma mkataba kwa Kiswahili mbele ya kijiji kizima. Walipofika ukurasa wa tisa alisoma, "Kampuni itaweka wazi mashamba yote ndani ya mpaka," na watu wakaanza kunong'ona kwa furaha. Kule Yalingoto familia zilikuwa zimegombana miaka mingi kuhusu mipaka. Fulani anasema hadi kwenye kijito, fulani anasema hadi kwenye mti ulioungua. Kuweka wazi shamba la nani linaishia wapi lilikuwa jambo waliloliomba serikalini hadi wakachoka.

Lakini papa Henri, mkubwa wa kijiji, mzee mfupi mwenye sauti ya chini, alinyanyua mkono.

"Madame, ile kuweka wazi, ni kuweka wazi namna gani? Watakuja kufanya nini?"

Safiya alicheka. Baadaye angelikumbuka lile cheko kuliko kitu kingine chochote cha siku ile. "Papa," alisema, "neno ni *clear*. Ni *clair*. Ni Kifaransa kilekile, Waingereza walikiiba tu. Ulikwenda shule au hukwenda?"

Watu wakacheka pamoja naye. Papa Henri akashusha mkono. Yannick, aliyekuwa amekaa kando yake akichezea simu, hakusema kitu.

Sasa, miezi mitatu baadaye, Safiya aliwaruhusu wanafunzi waende kabla ya wakati, akaufunga msalaba katika gunia lake, akapanda pikipiki hadi nyumbani Kabondo. Dada yake Sikujua, aliyekuwa akiishi naye, alikuwa anatwanga pondu, majani ya muhogo, uani.

"Umerudi mapema. Mgonjwa?"

Safiya alimpita, akaingia ndani. Alitoa kamusi kubwa, ile ya Kiingereza kwa Kiingereza aliyoachiwa na ofisa mmoja wa kambi, akaketi nayo mlangoni penye mwanga. Katika miaka yote ile hakuwahi kuifungua kwenye neno hilo. Mtu hatafuti katika kamusi neno analolijua tangu zamani, na hilo ndilo kosa lenyewe.

Neno lilichukua karibu ukurasa mzima. Mwanzo wake ulikuwa kama alivyodhani: lilitoka Kilatini, kwa neno la kusema kitu kinang'aa au sauti inasikika vizuri, likapita katika Kifaransa cha kale, likavuka kwenda kwa Waingereza. Hadi hapo alikuwa sahihi. Lakini lilipofika kule lilianza kutembea peke yake. Mbingu ikiondokewa na mawingu, *clear*. Meza ikiondolewa sahani, *clear*. Mtu akitoa makohozi kooni. Mzigo ukipita forodhani. Mshtakiwa akiondolewa hatia. Kila maana ilikuwa na kitu kinachoondolewa. Na chini, karibu na mwisho, ilikuwa imeandikwa kwa herufi ndogo kuhusu ardhi: kukata miti na vichaka, kung'oa visiki, kuacha patupu.

Safiya akaweka kidole hapo. Akawakumbuka wale askari wa kambi, barabarani kuelekea uwanja wa ndege, wakitegua mabomu ya kufukiwa. Mmoja alikuwa akinyanyua mkono na kupiga kelele neno hilohilo, na yeye akiwatafsiria madereva, "Njia iko wazi, piteni." Kila siku alilitamka. Safiya alidhani askari anasema kwamba jambo limeeleweka. Kumbe alikuwa anasema kwamba kilichokuwepo hakipo tena.

"Sikujua," aliita. "Niliua watu."

"Watu gani?"

"Waliokwisha kufa."

Habari ilifika mjini kabla ya Jumapili. Watu wa Yanonge na Isangi wamejaa Kisangani, wanauza samaki, wanasomesha watoto, wana binamu kila mtaa. Jumatatu Safiya alikuta ukuta wa darasa umeandikwa kwa mkaa: MADAME MUUZA MAKABURI. Mama aliyekuwa akimwuzia makayabu, samaki wa chumvi, miaka kumi alifunika bakuli alipomwona. Wanafunzi kumi na wanane wakawa kumi na mmoja, kisha saba. Dereva wa pikipiki mmoja, alipotambua amembeba nani, alisimama katikati ya daraja la Tshopo akamwambia ashuke.

"Nitembee?"

"Tembea. Njia iko *clear*."

Alitembea. Neno lilikuwa limekwisha kuwa tusi la mji.

Safiya hakuwa mtu wa kulia. Alichokuwa nacho ni hasira, na hasira hiyo aliielekeza kwa kila mtu kwanza: kwa Florentine aliyetema mate darasani mwake, kwa papa Henri aliyekubali kunyamazishwa, kwa kampuni iliyompa siku tatu. Alimgombeza Sikujua kwa ajili ya chumvi, akamgombeza tena kwa kutojibu. Siku ya nne dada yake akaweka sahani chini kwa kishindo. "Ukimaliza kutukana nyumba nzima, labda utafika kwako mwenyewe," alisema, akaenda kulala kwa jirani, akarudi asubuhi.

Yannick alikuja Alhamisi mchana, na gari jeupe lililoziba njia. Alikaa sebuleni bila kukaribishwa, shati lake limepigwa pasi vizuri, simu mbili mkononi.

"Madame, donc, wanakijiji wamekwenda mahakamani. Wanasema walidanganywa. Utaitwa."

"Najua."

"Bon. Jambo ni dogo. Utasema tafsiri yako iko sahihi. *Clarifier* inatoka *clair*, *clear* inatoka *clair*. Neno moja, mama mmoja. Kama wao walielewa vibaya, ni shauri yao. Wewe unabaki na muhuri wako, unabaki na jina lako. Na kampuni iko na kazi nyingi ya tafsiri mwaka huu."

"Siku ile kijijini, uliketi kando yangu. Ulikuwa unajua maana yake?"

Yannick akatazama simu moja, akaigeuza kifudifudi. "Kazi yangu haikuwa kukusahihisha. Ulitufundisha wewe mwenyewe: mwanafunzi hamsahihishi mwalimu. Nilisimama ubaoni kwako saa nzima juu ya neno moja, unakumbuka? Nilikojoa. Mbele ya wasichana."

Safiya hakukumbuka. Hilo lilimchoma kuliko kama angekumbuka.

"Kwa hiyo ulinyamaza ili unilipize."

"Nilinyamaza sababu ilikuwa kazi. Lakini sitakudanganya, nilicheka ndani. Sasa sikiliza. Mama mmoja, maneno mawili. Hakimu hajui Kiingereza. Atakuamini wewe."

"Huyu Sikujua unayemwona uani, mimi na yeye tulizaliwa na mama mmoja," Safiya alisema. "Ukimwoa, utakwenda kusema umenioa na mimi?"

"Madame, nakuonya..."

"Ondoa gari lako mlangoni pangu."

Yannick alisimama polepole. Alipofika kizingitini aligeuka, na uso wake haukuwa na adabu tena. "Ukisema ulikosea, umekwisha. Hakuna atakayekupa hata barua ya kutafsiri. Na wale wa Yalingoto hawatakushukuru. Watakutemea mate mpaka ufe."

Katika hilo Yannick alikuwa anasema kweli, na Safiya alilijua.

Kesho yake alivuka mto. Alitaka kuona kwa macho kabla ya kufungua kinywa mahakamani. Alibeba gunia lenye msalaba, akapanda mtumbwi wa mota hadi Yanonge. Mtu aliyekuwa anaondoa maji kwa kopo alimmwagia miguuni mara mbili, na mara ya pili hakusingizia bahati mbaya. Kutoka Yanonge alitembea, kwani hakuna aliyekubali kumbeba.

Yalingoto ilikuwa bado ipo. Nyumba zilikuwepo, kanisa la udongo lilikuwepo. Lakini nyuma ya nyumba ya mwisho, pale ambapo zamani msitu ulianza kama ukuta, hapakuwa na kitu. Ardhi nyekundu ilikwenda hadi macho yanapokomea, imekwaruzwa na minyororo ya mashine, visiki vimesukumwa pembeni katika marundo marefu. Ile miti mikubwa ya sapeli, ambayo kila mwaka viwavi vya kuliwa vilianguka kutoka juu yake na wanawake wakaviokota kwa mabeseni kwenda kuuza Kisangani, ililala imekatwa vipande vyenye namba. Joto lilikuwa la ajabu. Safiya hakujua kwamba kivuli kikiondoka, hata upepo hubadilika.

Wanawake walimwona kwanza. Donge la kwanza la udongo lilimpiga mgongoni, la pili begani. Hakukimbia. Alikaza mtandio, akasimama palepale akiwa amekumbatia gunia, hadi papa Henri alipotoka na kusema, bila kupandisha sauti, "Acheni. Aone."

Alimpeleka mwenyewe mahali palipokuwa makaburi. Hakukuwa na dalili, ila vipande vya saruji na chupa moja ya plastiki ya maua.

"Nilikuuliza," papa Henri alisema.

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza vizuri. Na heshima. Ungekaa kidogo, ungefikiri, ungesema, papa, ngoja niangalie. Dakika moja. Tungekungoja siku nzima."

"Nilikosea, papa."

"Hapana. Kukosea ni kukosea. Wewe ulinicheka."

Florentine alikuja akampokonya gunia mikononi. Alikwenda nalo nyumbani kwake, akafunga mlango kwa teke.

Siku ya kesi ukumbi wa mahakama ulijaa hadi madirishani. Wakili wa kampuni, mtu mnene mwenye sauti tamu, alisimama mbele ya Safiya na tafsiri mkononi.

"Madame, muhuri huu ni wako?"

"Wangu."

"Uliapa kutafsiri kwa uaminifu?"

"Niliapa."

"Basi waambie watu hawa kwamba *clarifier* ndiyo tafsiri ya *clear*."

"Sio."

Wakili alitabasamu kama mtu aliyekuwa akingoja hilo. "Donc, wewe hujui Kiingereza. Miaka ishirini na sita unawadanganya watoto wa watu."

Nyuma ya ukumbi watu walicheka, na miongoni mwao Safiya aliwaona wanafunzi wake wawili. Jasho lilimtoka. Alisimama kama wao walivyosimama ubaoni.

"Kwa neno hili, sikujua," alisema. "Niliona linafanana na la Kifaransa, nikaliamini. Asili yake ni moja kweli. Lakini asili haisemi kitu kimefika wapi leo. Kwa Waingereza, ukisema hivyo kuhusu ardhi yenye miti, unasema utaikata miti, utaondoa kila kilichosimama juu yake. Ndicho kilichoandikwa kwa Kiingereza. Kwa Kifaransa changu, na kwa Kiswahili nilichowasomea, nilisema mipaka itaelezwa. Wale watu walitia kidole kwa maneno yangu. Hawakutia kidole kwa maneno ya kampuni."

"Labda walielewa! Kuweka wazi kwa Kiswahili si ni kuacha wazi pia? Uwanja si huwa wazi?"

"Papa Henri aliniuliza swali hilohilo," Safiya alisema. "Mbele ya watu wote. Mimi nilimjibu kwamba ni *clair* ya Kifaransa, wakaelewa ni kueleza mipaka. Nilimcheka. Andikeni na hilo."

Karani akamtazama hakimu, na hakimu akaashiria liandikwe.

Yannick, kwenye benchi la mbele, aliendelea kuandika ujumbe kwenye simu. Hakunyanyua kichwa.

Hakimu alitoa uamuzi baada ya wiki mbili. Kwa kuwa karatasi mbili hazikusema jambo moja, alisema, hapakuwa na makubaliano juu ya kukata msitu. Mashine zikasimamishwa kwenye kijito, na ng'ambo ya kijito ule msitu uliobaki ukabaki. Uliokatwa ulikuwa umekatwa. Mwishoni hakimu aliongeza sentensi moja kumhusu Safiya: muhuri urudishwe.

Aliurudisha yeye mwenyewe, kabla hajatumiwa barua. Akaomba risiti, akasimama hadi akapewa.

Nje ya mahakama alimkuta Florentine akiwa na wanawake wenzake kwenye ngazi, wanakula ndizi za kuchoma. Safiya alipitia karibu, akapunguza mwendo. Alikuwa ametayarisha maneno tangu nyumbani.

"Mama Florentine..."

"Usinitaje jina," Florentine alisema, akiwa anatafuna. "Ulisema kweli siku ile ya kesi. Ni vizuri. Lakini mimi kila siku naamka na ile fasi mbele ya macho. Wewe unaamka na nini? Enda."

Safiya akaenda.

Darasa halikufa kabisa. Wanafunzi watano walibaki, na wawili kati yao walibaki kwa sababu walikuwa wamekwisha kulipia muhula. Safiya hakuwa mpole ghafla; ukali haumtoki mtu kama homa. Bado alifoka. Ila mtu akiuliza, hata jambo la kijinga, alikaa kimya kwanza, na mara nyingi alikwenda kwenye kamusi mbele ya wote, akasoma kila maana kuanzia juu hadi chini, hata kama alikuwa na hakika. Wanafunzi walichoka naye kwa namna mpya. Mmoja alilalamika kwamba saa nzima ilipita juu ya kitenzi cha kuweka.

Mwezi wa sita mtu alimletea bahasha iliyotoka Yalingoto. Kampuni ilikuwa imeandika mkataba mwingine, mfupi, na kijiji kilikuwa kimepata mtafsiri kutoka Kinshasa. Ndani ya bahasha kulikuwa na nakala ya Kiingereza, na mtu alikuwa amepigia mstari wa kalamu nyekundu maneno kumi na tisa. Pembeni, kwa mwandiko wa papa Henri, palikuwa na swali moja tu: *Haya yote yanasema nini?* Hakukuwa na salamu. Hakukuwa na jina lake hata juu ya bahasha. Kulikuwa na mtaa tu na namba ya nyumba.

Safiya alisukuma sahani, akafuta meza, akaita Sikujua alete taa kwa sababu mvua ilikuwa imetia giza chumbani. Alifanya kazi siku tano. Kwa kila neno aliandika maana zote alizozipata, kisha ile aliyodhani inafaa hapo, kisha sababu. Kwenye maneno mawili aliandika: *Hili sina hakika nalo. Mwulizeni na mwingine.*

Alipomaliza aliweka karatasi katika bahasha ileile, akaigeuza nje kuwa ndani. Naye hakuandika salamu. Akampa mwenye mtumbwi wa Yanonge, ambaye aliipokea kwa mkono wa kushoto na kuitia chini ya mzigo wa chumvi, bila kumwangalia.